Mama Anasema Hajala

Karakana ya Mafriji,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mama alitulea tukijua kwamba hata mtu unayemwendea kwa ugomvi unamsalimia kwanza, basi pokea salamu. Kikohozi chako kimekwisha? Mwezi uliopita tulipoongea kilikuwa kinakatiza maneno yako, nikadhani ni mtandao. Mgongo wa Shemeji je? Na wapwa zangu, yule Bonge na mdogo wake, wanaendeleaje na shule? Nasikia Bonge sasa ananipita urefu. Mwambie kimo si umri, shikamoo yangu iko palepale.

Huku mimi mzima. Wifi yako mzima pia, ila jino la nyuma linamsumbua na hataki kusikia habari ya kung'oa. Anatafuna upande mmoja huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitoboa. Mama yupo. Ningependa kuandika kwamba hajambo, lakini neno hilo limekuwa kubwa kwake, kwa hiyo naandika kwamba yupo.

Nimekuja kuandikia karakana kwa sababu ni Jumapili na mafundi wenzangu hawapo. Nyumbani siwezi. Chumba chetu na cha Mama vimetengwa na pazia tu, na kile kiharusi kilipochukua mkono wa kulia na koo, masikio kilimwachia yote mawili. Nikimnong'oneza wifi yako, Mama anajibu. Kwa simu nako siwezi, maana wiki iliyopita ulinikatia kabla sijajibu. Basi nimekaa juu ya kreti, karatasi iko juu ya mfuniko wa friza, na mafriji yaliyofunguliwa matumbo yamenizunguka. Hapa hakuna wa kunikatiza.

Uliniambia, "Mama anakufa njaa na wewe una mikono miwili." Ukasema umeshakata tiketi ya ndege, mwisho wa mwezi unakuja kumpikia Mama mwenyewe, kwa kuwa sisi tumeshindwa. Nilisikia vizuri, siku hiyo mtandao ulikuwa safi. Dada, uliniumiza. Nilibaki na simu sikioni kama mjinga, wewe ulikuwa umeshakata. Sikukupigia tena kujibu kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na leo sikujibu kwa hasira, ingawa ninayo ya kutosha na ya kumkopesha jirani. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Acha nikulaze kidogo kwenye hiki chetu.

Najua habari umezipata vipande vipande, kimoja kwangu na vitatu kwa Mama Mdogo, kwa hiyo nazishona upya. Shida ni koo. Mtu mzima akimeza, kuna kifuniko kinachoziba njia ya hewa. Cha Mama kinachelewa, kama vali iliyochoka. Maji matupu yanateleza na kuingia mapafuni. Mwaka jana alilazwa mara mbili kwa nimonia, na mara zote mbili kilikuwa kitu kidogo. Kwanza ilikuwa chai, kisha kipande cha ndizi mbivu ambacho sote tulidhani ni laini. Anachoruhusiwa ni kinywaji kizito, kile kinachodondoka kwenye kijiko taratibu, tena awe amekaa wima na kidevu amekiinamisha.

Hospitali walitupa makopo ya unga maalumu, ule ambao mtu anaweza kuishi nao bila kugusa kitu kingine. Makopo yakaisha. Duka la dawa wakasema njoo wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena, mwisho wakaanza kuangalia pembeni wakiniona naingia mlangoni. Nilizunguka maduka yote yanayofikika. Ndipo mtaalamu wa lishe wa hospitali, mwanamke mmoja mfupi asiyecheka, akasema unga kamili unaweza kutengenezwa nyumbani, mradi anayeutengeneza si mtu wa kukadiria kwa macho. Mama amempa jina la Bibi Mizani, kwa sababu anatembea na mizani mkobani kama wenzake wanavyotembea na kioo. Alitupa vipimo, akasimama jikoni kwetu mpaka tukaweza, na kila tukikosea alimwaga bila kutuomba radhi.

Basi nikutembeze jikoni uone jinsi "tulivyoshindwa." Soya zinalowekwa, zinamenywa, zinaanikwa, kisha zinakaangwa mpaka harufu ya ubichi itoke. Zikibaki mbichi tumbo linaasi, zikiungua uchungu haufichiki. Hapa mwangalizi ni Mama mwenyewe. Yuko kitandani, sisi tuko jikoni, na kiwanda cha sabuni nacho kinatoa harufu yake, lakini soya zikianza tu kuzidi moto unasikia nyuma ya pazia, "Zinaungua hizo." Hajawahi kukosea. Mchele nao unachaguliwa, unaoshwa, unakaushwa, unakaangwa kidogo.

Vyote vinakwenda mashineni, na huko nasimama mwenyewe. Namwomba msagaji apitishe konzi chache za mchele wangu kwanza, halafu azimwage, maana sitaki mabaki ya pilipili ya mtu aliyenitangulia. Msagaji ananiona nina wazimu. Nikirudi, wifi yako anachekecha kwa kitambaa cha shifoni alichokata kwenye mtandio wake wa harusi, kwa sababu chekeche la dukani linapitisha chenga, na chenga moja inatosha kumkohoza Mama mpaka abadilike rangi. Halafu yanafuata maziwa ya unga, sukari, chumvi kwa kipimo, na pakiti ndogo ya vitamini na madini kutoka kwa Bibi Mizani. Mafuta tunatia wakati wa kukoroga, tukiyatia mapema unga unaharibika.

Hiyo pakiti ndiyo kazi yenyewe. Ukiimwaga juu na kukoroga tu, siku moja Mama atakunywa madini ya wiki nzima, na siku nyingine atakunywa vumbi. Unachanganya pakiti na unga ulio sawa nayo, halafu mchanganyiko huo na unga ulio sawa nao, unaongeza maradufu hivyo hivyo mpaka beseni lijae. Mkono unachoka hadi unatetemeka. Nachanganya mimi, wifi yako anashika beseni, na hatuongei, maana mmoja akipiga chafya kazi yote imekwenda na maji.

Hapa cheka kidogo. Jirani wa chini alipita mlangoni akachungulia. Akaona mizani ndogo mezani, vifuko vya nailoni, na mimi na wifi yako tumejifunga vitambaa puani. Kabla jua halijazama mtaa wote ulijua kwamba fundi friji ameingia kwenye biashara ya unga. Jamaa mmoja aliyekonda kama msumari akanifuata hadi karakana, akaniuliza kwa adabu kama nauza rejareja. Nikamwambia huu wangu unanenepesha. Aliondoka amekasirika.

Na kweli unanenepesha, Dada. Bibi Mizani anakuja na mizani yake ya kusimama, tunamshika Mama huku na huku, na kila mara mshale unasogea upande mzuri. Kile kidonda cha kisigino kilichogoma tangu hospitali kilifunga. Nywele zikaanza kuota tena juu ya paji. Kwa mizani, Mama alikuwa anapona. Kwa mdomo wake mwenyewe, Mama hajala.

Mzozo wote uko hapo, na ni neno moja tu. Fikiria tunavyosema. Uji tunakunywa. Supu tunakunywa. Dawa tunakunywa. Mama anakunywa kikombe cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, na mgeni akiingia na kumuuliza, "Umekula, Mama?" anajibu kilicho kweli kwake. "Sijala." Ulimi wake ni mzito siku hizi, maneno mengine yanatoka yamevunjika, lakini hilo linatoka limenyooka. "Tangu niugue, sijala." Na mgeni anageuka kunitazama mimi.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha wake. Nikamweleza kwamba Bibi Mizani anasema huu ni mlo kamili. "Kamili kwa nani?" akaniuliza. Mtu aliyepikia shule ya bweni tangu sisi tukiwa tunatambaa, ambaye wanaume wenye ndevu zao wanasimama njiani hadi leo kumwita Mama Upawa, utamfundisha nini kuhusu mlo? Kwake mlo ni sahani, ni kutafuna, ni mtu wa kando yako anayekuomba chumvi. Unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba mtoto aliyekunywa uji ametuliza tumbo tu, hajala mpaka kengele ya mchana ilie.

Nikajaribu ujanja. Nikaukoroga mzito, nikaumimina kwenye sahani bapa, nikaweka kijiko na chumvi kando, nikamwambia, "Karibu ule, Mama." "Huu ni uji uliopotea njia," akasema. Wifi yako alikimbilia nje kucheka na jino lake. Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa nimechoka mno, na uji uliopotea njia ilibidi nimnyweshe kijiko kwa kijiko mpaka ukaisha.

Kuna jingine lililonikata zaidi. Mchele wa unga huwa tunampa Mama auchague kwa mkono wa kushoto, ungo ukiwa mapajani. Ndiyo kazi aliyobakiwa nayo, na hata kijiwe cha ukubwa wa kichwa cha pini hakimpiti. Siku moja akaniuliza, bila hasira yoyote, "Mchele wote huu ninaochagua, unapikwa lini?" Nilitoka nikaenda kusimama uani kama mtu anayesubiri nguo zikauke.

Mama Mdogo huja akipata nafasi. Unamjua mwenyewe, analia kabla habari haijafika mwisho. Alimuuliza dada yake kama amekula, akajibiwa, akatoka pale ameshika kichwa. Wiki haikuisha, ukoo mzima ulijua kwamba namshindisha Mama na njaa na kumnywesha maji ya unga kama ndama aliyefiwa. Wapishi wengi huharibu mchuzi. Huyu akashauri asali, yule supu ya mifupa, mwingine akasema Bibi Mizani ana lake jambo. Hakuna hata mmoja aliyejitolea kuja kushika beseni. Na habari ikakufikia wewe ikiwa imeshaungua.

Sasa nifike pale ambapo uliambiwa nusu. Wiki mbili kabla ya simu yako, mimi nikiwa kazini na wifi yako amekwenda kufuata pakiti hospitali, Mama Mdogo alikuja na hotipoti. Ndani yake kulikuwa na wali na nyama ya mchuzi, nyama iliyopikwa mpaka inaachana yenyewe. Hakuja kuua, alikuja na mapenzi yake yote. Alimkalisha dada yake mezani, akampakulia, akamlisha. Anasema kijiko cha kwanza Mama alikitafuna muda mrefu, macho ameyafumba. Cha pili vilevile. Cha tatu ndicho kilichopita njia nyingine.

Nilipigiwa simu nikaacha friji ya mtu imefunguliwa, gesi inavuja. Nilimkuta Mama amekuwa rangi ya majivu, na Mama Mdogo anampigapiga mgongoni huku akiwaita marehemu wetu wote kwa zamu. Tulimfikisha hospitali. Nimonia ya tatu. Wewe uliambiwa amelazwa kwa udhaifu, wali haukutajwa. Daktari alisema mapafu yamebakiwa na nguvu ya kupumua tu, hayana tena ya kupigana. Bibi Mizani alikuja wodini, akasoma cheti, akaniambia, "Ikitokea tena, hatarudi."

Nilimfokea Mama Mdogo kwenye korido ya wodi, mbele za watu. Nilimwambia amemuua dada yake. Yeye ni mama yangu, na nilimwambia hivyo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akasema, "Aliniita yeye, mwanangu. Alimtuma yule jirani yenu wa chini aniambie nije na chakula." Sikuamini. Niliingia wodini kumuuliza Mama, amelala na mpira wa oksijeni puani. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akanivuta sikio karibu.

"Nilikula," akasema.

Dada, alikuwa anatabasamu. Ule upande wa uso unaoweza kutabasamu ulikuwa unatabasamu wote. Sijamwona hivyo tangu augue, na mizani ya Bibi Mizani ilivyopanda yote ile haikuwahi kumfanya hivyo. Sikujua nifurahi au nimgombeze, nikafanya vyote viwili vibaya. Kwa hiyo usimkaripie Mama Mdogo. Mwenye njaa hana miiko, na mwenye njaa pale hakuwa Mama Mdogo.

Tulimrudisha nyumbani amekuwa mwepesi, nilimpandisha ngazi mwenyewe mikononi bila kupumzika. Asubuhi nikamletea kikombe. Akafunga mdomo. Mchana akafunga, jioni akafunga. Hakufunga kwa hasira, alifunga kama mtu anavyofunga duka, biashara imekwisha. Kesho yake hata maji yaliyokorogwa mazito hakuyapokea. Wifi yako alipiga magoti akalia. Mimi nilibembeleza, nikagomba, nikamwambia anatuadhibu bila kosa. Nilianza kuelewa kwamba tunamzika akiwa macho.

Katikati ya hayo ndipo ulipopiga simu. Sasa unajua ni nani uliyemwambia ana mikono miwili. Lakini sikuandikii ili ujute, kuna kubwa zaidi ya hilo. Wewe, dada yangu, ukiongea kwa simu hata kiwanda cha sabuni kinasikia. Ulipokata, nyuma ya pazia Mama akaniita. "Anakuja kunipikia?" Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Basi nipe kikombe."

Akanywa chote. Alipomaliza akaniambia nikae, akaniwekea masharti, neno moja moja kwa ulimi wake ule. Atakunywa unga kila siku mpaka ufike. Siku utakayopika, atakula. Kwenye sahani, mezani, na sisi wawili, mwanzo na mwisho wake, kwa kuwa katikati hakuzaa mtu. Na asizuiwe. Nikamwambia alichosema Bibi Mizani, neno kwa neno, ili asije akadai hakujua. Akasema anajua. Akasema, "Sitaki nife sijala."

Tangu hapo hakuna kikombe anachokataa. Kikichelewa anakidai. Anakaa wima mwenyewe, anainamisha kidevu kama alivyofundishwa, anameza kwa makini ya mtu anayevuka barabara kubwa. Sauti imeanza kurudi. Jana alikwenda hadi dirishani akishika ukuta. Bibi Mizani akija tena kupima atafurahi. Na mimi nachanganya unga ule ule, maradufu kwa maradufu, nikijua kila konzi inampa Mama nguvu ya kufika kwenye ile meza.

Nilimuuliza Bibi Mizani kama kuna namna ya wali unaoweza kumezwa na koo lile. Akasema usagwe laini na kuchujwa. Nikamwambia hapo atakuwa ameunywa. Akafunga mkoba wake, akaondoka bila kumpima mtu.

Nitakuambia ukweli, niliwaza kukuandikia usije. Usipokuja, atakunywa akikusubiri, mwezi huu na ujao, pengine hadi mwakani. Ungezua sababu, kazi, ruhusa, ugonjwa wa Bonge, na kwa kila sababu yako Mama angeishi kidogo zaidi. Nilianza barua ya namna hiyo hapa hapa. Ilikuwa nzuri, yenye uongo mtamu. Niliichana nilipokumbuka anavyochungulia dirishani kuona barabara, sasa kwa kuwa anaweza kulifikia.

Basi njoo. Lakini njoo ukijua unakuja kupika nini. Ulisema unakuja kumwokoa Mama na njaa, na kwa hakika ndicho utakachofanya, ila si kama ulivyodhani. Nimemwahidi, Dada. Nimeahidi kwa mdomo wangu na kwa wako, na sikukuuliza. Nisamehe, hukuwepo. Ninachokuomba ni kimoja: ukifika mezani usimnyang'anye kijiko. Mimi mwenyewe sijiamini, nitahitaji mtu wa kunishika mkono. Na watu wakija kuuliza ni nani aliyempa, tutajibu wawili.

Ameshapanga chakula. Wali, nyama ya mchuzi, mboga za majani ambazo hutakiwi kuzikata ndogo sana. Chumvi ataonja yeye, maana anasema tangu zamani una mkono mzito.

Msalimie Shemeji, na umweleze utakavyoona inafaa. Wabusu Bonge na mdogo wake. Mama Mdogo anakusalimu. Nilikwenda kumwomba radhi, akalia kabla sijafungua mdomo, tukaishia kunywa chai. Wifi yako anakusalimu sana, ameshakuandalia kitanda chetu, sisi tutalala jikoni na soya. Mama naye, nilipomuuliza asubuhi nikuandikie nini kutoka kwake, alifikiri mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema nikuambie usile kwenye ndege. "Mwambie aje na njaa."

Mungu akutunze angani na barabarani, akufikishe kwetu salama, na siku hiyo atushike sote watatu.

Wako akupendaye daima,

Mdogo wako, kitindamimba wa Mama Upawa.